Kitufe cha Kilio

Kila aliyefika msibani siku hiyo alisimama kwanza mbele ya mlango wa hema, akainua uso kulielekea tundu jeusi lililokuwa juu ya zipu, akataja jina lake, jina la mzazi wake na kwao. Hapakuwa na haja ya kupaza sauti, maana tundu hilo, Sikio kama walivyoliita, lilisikia hata mnong'ono. Likishasikia lilinyamaza kidogo, muda wa mtu kumeza mate, halafu taa ikawaka kijani na zipu ikajifungua yenyewe. Muda huo wa kumeza mate ndio watu waliouogopa. Wanaume wenye ndevu zao na wajukuu zao walisimama pale wakitokwa jasho, na taa ilipowaka kijani waliingia wakijifanya hawakuwa na wasiwasi wowote.

Kemilembe alikaa nje, kwenye meza iliyowekwa barazani, macho kwenye kioo cha mtambo wa Sikio. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa hema kwa vitongoji vyote vya Kabashana. Kwa kuwa marehemu alikuwa baba yake mzazi, Mamlaka ilitaka kuleta mlinzi mwingine, naye akakataa. Alisema hawezi kumkabidhi mgeni watu wake. Kusema kweli aliogopa pia kukaa ndani ya hema bila kazi ya mikono, akiwa na jeneza mbele yake.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema alipomwona Ta Rwegoshora, mdogo wa marehemu, akipanda njia ya kibanjani, kati ya migomba, na fimbo yake.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Umekula?"

"Nitakula."

"Hujala." Mzee akaligeukia Sikio, akalitazama kama anavyotazamwa mtu anayedaiwa adabu. "Rwegoshora wa Kahangwa, wa hapa hapa. Na ujue, wewe tundu, siku mimi nikiugua hakuna atakayekuhitaji. Watu watashangaa tu mbona kumetulia."

Waliokuwa nyuma yake walicheka kidogo, wakaacha. Taa ikawaka kijani.

Ugonjwa wenyewe watu waliuita Bubu, na waliusema kama mtu, kwamba Bubu amepita kwa fulani, Bubu ameonekana ng'ambo ya mto. Bubu hakuanza na homa wala kikohozi. Alijificha kooni, akazivimbisha taratibu zile nyuzi mbili za sauti, na kwa siku kadhaa mgonjwa alikula, akalima, akacheka, huku ndani ya sauti yake pakiwa na mkwaruzo mwembamba ambao sikio la binadamu halikuweza kuushika. Mtambo uliweza. Baadaye sauti ilikatika kabisa, na hapo kila pumzi ya mgonjwa ilikuwa sumu kwa aliyekaa karibu naye. Kifua kilifuata mwisho, na wengi waliofika kwenye kifua hawakurudi.

Kwa hiyo hakuna harusi, ibada wala msiba uliofanyika nje ya hema. Hema lilikuwa la nailoni nzito inayoonyesha, na feni zake zilivuta hewa juu kwenda kuchomwa kwenye bomba. Darini kulikuwa na mapazia yaliyokunjwa, yamening'inia juu ya kila mkeka. Mlinzi akifunga hema, mapazia yalishuka, kila mkeka ukawa chumba chenye hewa yake, na waliokaa mkeka mmoja walibaki pamoja mpaka madaktari waridhike. Aliyekaa na mzima alibaki na mzima. Aliyekaa na mgonjwa alibaki na mgonjwa. Watu walijifunza kuchagua mkeka kwa makini kuliko walivyochagua wachumba.

Wa mwisho kufika alikuwa mjane, Ma Koburungo, mama yake Kemilembe. Alitoka ndani ya nyumba akiwa ameufunika mdomo wake kwa kiganja, mkono mwingine umeshikwa na mjukuu wake Kokwijuka, binti wa pekee wa Kemilembe. Mtoto huyo alikuwa amelala na bibi yake kitanda kimoja tangu msiba uanze, kwa sababu mama yake alikuwa na hema la kusimamisha.

Kokwi, kama walivyomwita, alipenda Sikio. Alijiweka sawa, akasema kwa madaha, "Kokwijuka wa Kemilembe, wa kwa bibi!" Taa ikawaka kijani kabla hata hajafunga mdomo.

"Sema jina lako na la mzazi wako," Sikio likamwambia mjane.

Ma Koburungo hakusema. Katika ukoo ule mjane hafungui mdomo tangu mumewe anapokata roho mpaka jeneza linaponyanyuliwa. Hasalimii, haitiki, haombi hata maji, anayaonyesha kwa kidole. Sauti yake ya kwanza ni ya kumtoa mumewe nyumbani, na wanawake wengine humpokea hapo.

"Sema jina lako na la mzazi wako."

Watu waliokwisha kuingia waligeuza shingo. Mama alimtazama binti yake juu ya kile kiganja, macho mekundu, bila kumwomba chochote. Kwenye mtambo kulikuwa na kitufe cha Asiyesema, kilichowekwa kwa ajili ya vichanga na viziwi. Kemilembe akakibonyeza, na zipu ikafunguka. Nani pale Kabashana angethubutu kumvunjia mjane ukimya wake kwa ajili ya mtambo? Hata Mamlaka wenyewe wangeona haya.

* * *

Sala zilikwenda vizuri. Jeneza lilikuwa mbele, karibu na mlango wa kutokea, na kaburi lilisubiri hatua chache tu nje, kati ya migomba ambayo marehemu aliipanda mwenyewe. Ma Koburungo alikaa mkeka wa mbele pamoja na Kagemulo, shangazi yake Kemilembe. Kokwi alikuwa amejilaza mapajani mwa bibi yake, uso umeelekea juu.

Ta Rwegoshora alikisogelea kipaza sauti cha ndani.

"Kemi, unanisikia huko?"

"Nakusikia, baba mdogo."

"Kaka yangu hataondoka kimya kimya kama mwizi wa kuku. Tumezika watu wangapi kwa kubana midomo? Leo tunalia."

Kemilembe alikuwa ameshajua kwamba hili litakuja. Waliolifundisha Sikio walikuwa mbali, katika vyumba vyenye viyoyozi, na walilisikilizisha maelfu ya watu wakisoma na kuhesabu kwa adabu. Hakuna aliyekumbuka kulisikilizisha kilio. Kwa hiyo Sikio lilipolikuta koo la mwanamke linalopasuka kwa uchungu, lilidhani limemkuta Bubu. Mwaka wa kwanza mahema yalifungwa ovyo kwa sababu ya machozi tu, watu wazima wakakaa siku na siku nyuma ya mapazia bila ugonjwa wowote. Tangu hapo watu wakajifunza kulia midomo imefungwa, kwa kutetemesha mabega.

Malalamiko yalipozidi, Mamlaka iliongeza kitufe cha Kilio. Mlinzi akikibonyeza, anaapa kwa kidole chake kwamba sauti inayosikika ni ya majonzi tu. Sikio linajiziba, milango inafunguka, watu wanatoka wakazike. Kitufe kilipokelewa kwa vigelegele. Kisha yakatokea ya Nyarubare, ambako mlinzi mmoja alibonyeza akimhurumia jirani yake. Sasa ukipita Nyarubare unaona mikungu ya ndizi imeiva na kudondoka yenyewe, hakuna wa kuikata.

"Baba mdogo, unalijua Sikio," Kemilembe alisema.

"Na wewe unakijua kitufe."

Alitazama jeneza, akajikuta hana nguvu ya kubishana. Yeye mwenyewe alitamani kusikia baba yake akililiwa. "Haya. Mtalia. Lakini kifupi."

Wanaume, Ta Rwegoshora akiwemo, wakainama, wakalishika jeneza, wakalinyanyua. Ma Koburungo alimwondoa mtoto mapajani, akasimama. Akaushusha mkono wake kutoka mdomoni kwa mara ya kwanza tangu alipofiwa, akatupa kichwa nyuma, akafungua kinywa.

Kilichotoka hakikuwa kilio. Ulikuwa upepo, na ndani yake mkwaruzo, kama jani kavu la mgomba linaloburutwa sakafuni. Hema zima liliusikia. Taa ikageuka njano.

Shangazi Kagemulo hakusubiri. Mjane akishindwa na sauti, wenzake humfunika asiaibike, ndivyo walivyolelewa. Akapiga yowe kali lililowasimamisha watu vinyweleo, na wanawake wote nyuma yake wakapokea, mkeka baada ya mkeka, mikono kichwani, vinywa wazi, miaka yote ya kubana midomo ikatoka kwa mara moja. Walidhani wanamfanyia wema. Nailoni ya hema ilianza kuloa kwa ndani kutokana na pumzi zao.

Kwenye kioo cha mtambo maandishi yalisomeka: *Mkeka wa mbele, sauti moja. Mlinzi athibitishe.* Mara yakafutika, yakaja mengine: *Sauti nyingi. Siwezi kutenganisha.* Chini yake vitufe viwili vikawaka, Kilio na Funga.

Kemilembe aliusogelea mtambo. Akavaa visikilizi, akarudisha nyuma ile sauti ya kwanza, ya mama yake peke yake, kabla haijafunikwa. Akaisikiliza. Akairudia tena. Huyu ni mwanamke asiyekunywa maji ya kutosha tangu afiwe, alijiambia. Koo limekauka, basi. Katika mafunzo aliwahi kusikilizishwa makoo mengi ya Bubu, na mengine yalifanana na hili, na mengine hayakufanana, na alivyozidi kusikiliza ndivyo alivyozidi kutojua. Alichokijua ni kwamba Kokwi alikuwa amemkumbatia bibi yake kiunoni, kichwa kimezama kwenye kanga yake.

"Bonyeza, Kemi!" Ta Rwegoshora alipaza sauti juu ya vilio. "Jeneza liko mikononi mwa watu!"

Kidole chake kilikuwa juu ya Kilio. Kingeshuka tu, mambo yangekwisha. Watu wangetoka, wangezika, wangekula ndizi na maharage, na jioni wangetawanyika kwenda majumbani kwao, mlima mzima.

"Nyamazeni!" alipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Nyamazeni wote!"

Hakuna aliyewahi kumsikia mtu akisema hivyo mbele ya maiti, tena maiti ya babaye. Vilio vilikatika kimoja kimoja, na macho yote yakamgeukia.

"Mama," alisema. "Jeneza limeshanyanyuliwa. Unaruhusiwa kusema sasa. Nakuomba useme jina lako."

Kagemulo alikwisha kumimina maji kwenye kikombe. "Mpe nafasi, mtoto wewe! Amekauka tu. Kunywa, wifi yangu."

Ma Koburungo akanywa. Akapangusa midomo, akavuta pumzi, na midomo yake ikalitengeneza jina lake vizuri kabisa, Koburungo wa Tibaijuka. Hakuna kilichosikika. Akajaribu tena. Kisha akagusa koo lake kwa vidole, akalipapasa huku na huku, uso umejaa mshangao wa mtu aliyetia mkono mfukoni akakuta ufunguo haumo.

Hapo Kemilembe alielewa. Mama yake hakuficha kitu. Alikuwa amekaa kimya siku zote zile kwa heshima ya mumewe, na ndani ya ukimya huo sauti yake ilikuwa imeondoka bila hata yeye mwenyewe kujua. Na mlangoni, mahali pekee ambapo Sikio lingemkamata, bintiye ndiye aliyempitisha.

* * *

Kagemulo alikuwa amekipokea kikombe na kukiinua ili amalizie maji yaliyobaki. Ma Koburungo alikipiga kibao, kikaruka, maji yakamwagika. Shangazi akarudi nyuma hatua moja, mkono ukiufunika mdomo.

Mjane alimtazama mjukuu wake. Akaibandua ile mikono midogo kiunoni mwake, akamsukuma. Kokwi alidhani ni utani wa ajabu, akarudi. Bibi akamsukuma tena, safari hii kwa nguvu, mtoto akaanguka kwenye mkeka wa jirani, akaanza kulia. Hakuwa amewahi kusukumwa na bibi yake hata siku moja. Ma Koburungo alijiziba pua na mdomo kwa kanga, akageukia nguo ya hema, akimpa kila mtu mgongo, machozi yanamtiririka.

Ta Rwegoshora aliachia jeneza, wenzake wakalishusha chini. Akamwinua mtoto, akapita naye kati ya watu waliokuwa wakijisogeza kumpisha, mpaka kwenye kona ya hema iliyokuwa karibu na baraza. Hapo palikuwa na zipu ndogo ya kupitishia chakula.

"Kemi, njoo hapa," alisema, na sauti yake ya makelele haikuwepo tena. "Mimi ndiye niliyetaka kilio. Najua. Sasa nisikilize. Fungua kizipu hiki, mpokee mtoto, halafu funga hema lako. Sitasema. Hapa hakuna atakayesema."

Kemilembe aliwatazama waliokuwa nyuma ya mzee. Kila mama aliyekuwa na mtoto alikuwa amemkumbatia. Hakuna aliyepinga, na hakuna aliyemwinua wake amlete kwenye zipu. Walimtazama tu, wakingoja kuona. Kama angemtoa wake, wangenyamaza kweli, wangemhurumia, na wangeikumbuka siku hiyo mpaka kufa kwao.

"Mama," Kokwi alisema katikati ya kwikwi. "Bibi amenisukuma."

Sikio lilimsikia. Kwenye kioo pakatokea: *Kokwijuka wa Kemilembe. Kijani.*

Kijani! Kemilembe aliushika mkia wa zipu. Mtoto alikuwa umbali wa nailoni moja, pumzi yake imeacha duara la ukungu, na kwa harufu ya nywele zake Kemilembe angetoa chochote alichokuwa nacho duniani.

Lakini alikuwa mlinzi, na alijua kijani ni nini. Kijani ilikuwa ya koo la leo. Sikio halikuweza kusikia kilichoingia jana usiku katika kitanda cha bibi, katika blanketi moja, uso kwa uso. Kati ya watu wote waliokuwa ndani ya hema lile, hakuna aliyeivuta hewa ya Ma Koburungo zaidi ya Kokwi. Akimtoa, atamtoa pamoja na chochote alichobeba. Atalala naye. Asubuhi atakwenda kisimani, kwa majirani, shuleni. Na mkeka wa kona, penye babu yake Rwegoshora tu na hewa safi ya bomba, ndio mahali ambapo madaktari wangemkuta mapema kuliko popote.

Yote haya aliyajua, na bado hakuuachia mkia wa zipu. Aliuvuta kidogo, tundu likapatikana la kupitisha kidole, hewa ya hema ikamgusa mkononi, ya vuguvugu.

Kitu kiligonga nailoni. Ma Koburungo alikuwa amesimama upande wa pili wa hema, peke yake, watu wote wamemkimbia. Alikuwa akigonga kwa kiganja ili atazamwe. Alipoona bintiye amegeuka, aliishusha kanga yake kidogo tu, midomo ionekane, akasema neno moja bila sauti. Akalirudia polepole, kama alivyokuwa akimfundisha kusoma.

*Funga.*

Kemilembe alirudisha zipu. Alirudi mezani.

"Kaeni chini, kila mtu alipo," alisema kwenye kipaza sauti. "Baba mdogo, kaa na mtoto hapo hapo. Msivuke mkeka. Shangazi, wewe baki na mama. Nisamehe, shangazi."

"Kemi, hapana," Kagemulo alisema. "Kemi, mimi sijanywa. Sikuyanywa yale maji!"

Akabonyeza.

Milango ilijikaza. Mapazia yakashuka kutoka darini yote kwa pamoja, na watu wakaanza kupiga kelele, wengine wakiita majina ya waliokuwa mikeka mingine. Jeneza lilibaki peke yake karibu na mlango wa kutokea. Nyuma ya pazia la mbele vivuli viwili vya wanawake vilisimama mbalimbali, kisha kimoja kikakaa chini.

Kwenye kona, Ta Rwegoshora alikuwa amefumba macho, mkono wake juu ya kichwa cha mtoto. Kokwi aliacha kulia. Alilitazama pazia lililomzunguka, akaitazama zipu ndogo, akamtazama mama yake barazani. Akakisogelea kipaza sauti cha kona na kuzungumza kwa upole, kama anavyosemeshwa mtu aliyesahau kitu.

"Mama, umekosea kubonyeza," alisema. "Mimi bado nimo ndani."

"Najua, mwanangu," Kemilembe akasema.